Kaske Nyekundu, Namba Saba

Mubambiro, tarehe 3 Juni 2021

Papa mpendwa,

Nakusalimia sana. Habari ya Burungu, ya ng'ombe, ya goti lako? Mimi ni mzima, ila hii ni barua ya nne na bado hujanijibu hata moja.

Najua hutaki kusikia neno pikipiki tangu kaka Noël afe nayo njiani. Nilipoanza kubeba abiria ulisema nisirudi nyumbani juu ya chuma kile. Miaka mitatu sijarudi. Lakini hili ulisikie kwangu mwenyewe. Sisi motari ishirini, kila mtu na pikipiki yake, tutatoka Sake, tupite Masisi mpaka Walikale na Omate, turudi kwa Pinga na Burungu: siku sita za matope. Maternité ya Omate haina magodoro, wamama wanalala chini na watoto wachanga. Wafadhili wamesema kila pikipiki itakayorudi Sake italeta magodoro kumi.

Abiria ni marufuku. Nimezoea kuwa na mtu mgongoni. Hata asiposema kitu, namsikia anapumua. Sasa nitakuwa peke yangu kabisa.

Tarehe 14 nitapita hapo kwetu. Nitavaa kaske nyekundu kichwani, na pikipiki yangu ni namba saba. Simama tu barabarani, Papa. Si lazima useme kitu.

Binti yako,
Naomie


Burungu, tarehe 15 Juni 2021

Binti yangu Naomie,

Amani iwe kwako. Goti linauma mvua ikinyesha. Ng'ombe wa madoa amezaa.

Jana nilivaa koti langu la Pasaka, nikakaa barabarani tangu asubuhi na jagi la maziwa. Jirani Muhawenimana akanicheka: "Papa, uko unangoja askofu?" Pikipiki kumi na moja zikapita, zikanirushia matope yote. Halafu namba saba. Ulisimama. Hukuvua kaske. Nikaweka mkono juu yake, nikasema niliyosema, ukaitikia kwa kichwa, ukaenda. Maziwa nilisahau kukupa. Nimeyanywa peke yangu.

Uniandikie kama ulifika. Uandike kwa mkono wako.

Papa yako


Omate, tarehe 24 Juni 2021

Papa mpendwa,

Nakusalimia, wewe na ndama mpya. Keti kwanza ndipo usome.

Aliyesimama hakuwa mimi. Niliteleza karibu na Omate, mguu ukavunjika. Nimelazwa hapa hapa maternité, katikati ya wamama, maana hakuna pengine. Namba ni ya pikipiki, si ya mtu. Basi mwenzangu Darius, ambaye yake ilikufa Walikale akafuata kwa lori, alichukua yangu pamoja na kaske ili magodoro yasipotee. Nilimtuma akueleze. Anasema alipokuona na lile koti, alikosa ujasiri wa kukuambia.

Jana ameleta magodoro pamoja na barua yako, na mimi nimepewa godoro moja. Nikamuuliza ulisema nini. Amekataa. "Dada, ile maneno haikukuwa yangu," anasema. "Umuulize ye mwenyewe."

Nalala nikitazama ukuta, najaribu kuyakisia. Naogopa ulikuwa unaniaga moja kwa moja. Kama ni hivyo, niambie tu.

Binti yako,
Naomie


Burungu, tarehe 27 Juni 2021

Naomie wangu,

Je, mguu unaendeleaje? Unakula?

Nilijua si wewe. Niliona mikono ya mwanaume kwenye usukani. Nikafikiri umekufa kama kaka yako, na wenzako wanaogopa kuniambia. Sikumuuliza, niliogopa jibu. Nikakuandikia kana kwamba uko hai, nione kama kuna mtu atanijibu. Siku kumi na mbili nimekaa na ndama yule, nikitazama barabara.

Niliyoiambia kaske ni haya: "Mutoto yangu, kama uko fasi fulani duniani, rudia nyumbani. Hata na ile pikipiki."

Leo Darius ameniletea barua yako. Nikaisoma mara tatu. Nikamuuliza kama kiti cha nyuma kina mtu. Akasema hakina.

Kesho tunaondoka. Nitafunga macho njia yote, na maziwa nitayashika mwenyewe. Barua hii simpi mtu, naileta mwenyewe. Ukiisoma, mimi niko mlangoni nasubiri umalize.

Papa yako