Mashine Imefika Manika

Kolwezi, Marsi 2004

Kwako Tata Rachelle, bwana yangu, huko Angola,

Jambo sana. Mi na mutoto wetu Rachelle tuko bazima. Ulisema utarudi siku ordinatere, ile kompyuta ya kubeba mukononi, itaanza kugrave filmu juu ya DVD, ufungue studio ya mafilmu ya ndoa hapa Manika. Nimeulizia mpaka batu bananicheka! Leo Omari, muuzaji wa radio, ananiambia: «Mama, iko kwa dirisha yangu tangu Noeli.»

Basi visababu vimeisha. Bwana wa jirani Henriette amefukuzwa na basoda huko huko Angola. Amefika Dilolo, kwa mupaka, miguu mitupu. Usingoje bakutupe vile.

Rachelle anaita kila mwanaume tata, kwa heshima. Wewe peke yako, baba yake, kwenye picha, anakuita Stany, sababu ndivyo ananisikia nikikulalamikia.

Mashine imekuja. Bado wewe.

Bibi yako mwenye hasira na mapendo,
Tatiana