Damu ya Riziki Imefika

Mama yangu,

Jambo Mama. Kama barua hii imekukuta unapumua na sufuria iko motoni, Mungu asifiwe kwa hayo mawili, maana redio ya huku Ulaya haisemi lolote kuhusu huko Walikale mlikokimbilia. Miguu bado inavimba? Na Papa, amepata shamba la kuazima, ama angali anayalilia maharagwe ya Ngungu mliyowaachia wenye bunduki?

Mimi mwili mzima. Moyo ndio umelala chini.

Wamenipa nafasi ya doctorat, ile shahada ya juu kabisa. Nitachunguza kansa ya damu na seli shina, zile zinazozaa damu yote mwilini. Wenzangu wa maabara walinipigia makofi, wakaleta keki. Nilikula, Mama, lakini haikuwa na ladha. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimefungua kisanduku chenye damu ya Riziki.

Unakumbuka kwa nini aliitoa. Daktari wa huko alisema mdogo wangu ana kansa ya damu, ila hakuwa na mashine ya kujua ni ya aina gani. Iko aina inayotulizwa kwa vidonge tu, mtu akaishi, akaolewa, akazaa. Iko nyingine isiyongoja. Profesa wangu alikubali kuipima, mradi seli zifike zikiwa hai. Riziki akacheka kwenye simu: "Kaka, mimi sijapanda ndege hata siku moya, lakini damu yangu njo itaona Bulaya mbele yangu!"

Zilifika zimekufa. Nilitazama kwenye hadubini mpaka macho yakaniuma, nikitafuta hata moja.

Nilimpigia Papa Kambale, aliyeibeba kwenye lori lake hadi uwanja wa ndege. Akasema: "Mutoto yangu, tulikuta kilio ku njia. Dereva mwenzetu wa Butembo walimupiga masasi. Ningepita namna gani? Nimupite marehemu sababu ya kachupa?"

Wakaketi matangani mpaka akazikwa, na barafu ya kisanduku ikayeyuka. Simlaumu. Wewe mwenyewe ulitufunza kwamba kilio hakipitwi. Namchukia aliyefyatua risasi, na simjui hata sura.

Tungetuma nyingine, lakini sasa njia imefungwa kabisa, nawe umeniambia Riziki haamki tena kitandani. Nikija, sitafika. Nikikaa, nitajifunza ugonjwa wake kwa damu ya wageni. Nimetia sahihi kuipokea nafasi ya masomo, Mama, nikilia mbele ya watu kama mtoto.

Nisalimie Papa, na mjomba aliyewapa chumba, na shangazi anayemwogesha mgonjwa wetu. Papa Kambale mwambie sina kinyongo.

Riziki akiuliza, mwambie damu yake ilifika Bulaya, na kaka yake aliipokea kwa mikono miwili. Hilo si uongo, Mama. Usimwambie zaidi ya hapo.

Mwanao wa kwanza,
Byamungu