Pikapu za Silibwet

Kericho, Jumapili

Kwako Naftaly wangu,

Natumai huko Nairobi umeamka salama. Huku mvua imekataa kuisha, na paka wa shorumu yangu ya magari amezaa chini ya meza yangu.

Wakulima wamepata bonasi ya majani chai. Jana mzee mmoja wa Kiptere alikuja na viatu vyake vya mvua, gambuti, akitaka pikapu ya kubebea majani. Nikamwonyesha vile vigari vidogo ulivyonitumia. Alijaribu kuketi, magoti yakagonga usukani, akaniambia kwa upole kwamba anaenda Silibwet, kwenye shorumu ya yule dada, Wacera.

Wewe ndiye unagawia shorumu zote magari ya kampuni. Unajua haya yangu yalilipiwa na benki, na kila siku yakikaa hapa bila mnunuzi, riba inatula. Lakini Wacera anapata pikapu kila mwezi. Nilipokuuliza, ulisema kompyuta ndiyo inagawa. Niliamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Halafu Ouko, dereva wa lori linaloniletea magari, akanichekesha na hadithi ambayo hakujua inaniuma. Alisema pikapu za Silibwet hazipandi lori lake. Unaziendesha mwenyewe, moja moja, Ijumaa jioni, na ofisini unaonekana tena Jumatatu.

Mimi, tangu tupendane, hujawahi kuniletea hata gurudumu.

Sigombani. Mwezi ujao mpe Wacera pikapu zote. Mimi nipe dereva.

Anayekungoja Ijumaa,
Quinter