Kwa Baba Mkwe, Kuhusu Joto la Mwezi wa Zohali

Mpendwa baba mkwe,

Ule mwezi wa sayari ya Zohali hatimaye umekubali. Juma lililopita joto la hewa yake ya juu, nililohangaika kulikokotoa kwenye kompyuta tangu ukiwa hai, lililingana na vipimo vya chombo kilichowahi kupita kule. Nilifurahi, nikageukia dirishani. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Wewe ulikuwa ukiuliza. Mila ya Kinyakyusa haikuruhusu baba aonane uso kwa uso na mkamwana wake, nawe uliishika hata wenzako wa kanisani walipoilegeza. Nikitoka uani ulizama migombani, nikaambulia mgongo. Picha nazo hukupenda kupigwa. Lakini ukigeuza kakao kwenye kichanja nyuma ya dirisha langu, ulimtuma mama aniulize kazi inaendaje. Mama akienda sokoni, uliwatuma kuku.

"Nyie kuku, hebu mwulizeni, huko juu si baridi kushinda Tukuyu?"

Nikawajibu kuku kwamba hewa ya mwezi ule ina vituko: ukipanda inapoa, kisha ukungu wake unanasa jua na inapata joto, halafu juu zaidi inapoa tena. Ukasema hujaona mtu aliyepanda Tukuyu akavua koti. Nilicheka nikashindwa kuendelea na kazi.

Siku nyingine ukataka kujua ninajuaje joto la mahali nisipofika. Nikasema nakisia, nalinganisha na kile kidogo kinachonifikia, nikikosea naanza upya. Ukanishukuru: "Ndaga, mwanangu." Hiyo hukuwatuma kuku.

Sasa mama amehamia kwa wifi, mume wangu yuko kazini Tunduma, nami nimebaki na nyumba hapa Njisi. Upweke unaniuma, baba. Majirani wananiuliza habari za mpunga tu.

Siku ya kukuzika, mama alinishika mkono hadi kwenye jeneza. "Mwiko umekwisha," akasema. "Mtazame."

Nikatazama. Miaka yote, kwa kuisikia sauti yako, nilikuwa nimekuwekea uso mpana, wenye mashavu ya mtu mcheshi. Aliyelala pale alikuwa mwembamba, mwenye paji la huzuni, nisiyemjua kabisa.

Katika kazi yangu, kipimo kikija, makisio yasiyolingana nacho hutupwa. Makisio ya uso wako nimeshindwa kuyatupa. Kila nikikukumbuka, unakuja na uso ule niliokupa mimi.

Pumzika, baba.

Mkamwana wako