Kiti cha Baba Kwenye Basi

Emvuleni,
Jumapili

Dada yangu Zibuyile,

Salamu nyingi zikufikie huko Johannesburg, wewe na shemeji na wanao. Lile goti limepoa? Huku sote wazima, mvua imeanza, na Shangazi Khombisile anatugombeza kama kawaida, kwa hiyo jua kwamba naye ni mzima.

Umeshasikia kwamba Baba amerudi. Tangu turudishiwe ardhi yetu Shangazi hakutulia. Alikuwa akiuliza itakuwaje sisi tulale kwenye boma letu la zamani, na roho ya kaka yake ingali Madadeni, alikobwagwa na malori ya makaburu akafia huko. Nikachaguliwa mimi, mwanawe wa kiume, niende na tawi la mti wa miiba, lile ambalo roho husafiria, nikamlete.

Kaburini nilimwita kwa majina yote ya ukoo, nikamwambia twende nyumbani. Kwenye basi nikamlipia kiti chake, nikalilaza tawi juu yake huku nimelishika. Mwiko unaujua: mwenye tawi haongei na mtu ila marehemu wake. Mama mmoja aliyesimama na mzigo akaniuliza kama mzee wangu hawezi kusogea kidogo, maana hata yeye ana makalio. Basi zima likacheka. Mimi kimya.

Tulipofika, Shangazi aliniuliza kama njiani nilisema na mtu. Nikatikisa kichwa. Wakapiga vigelegele, mbuzi akachinjwa, tawi likawekwa ndani kwenye ukuta wa nyuma.

Dada, niliongea. Simu iliita, nikapokea. Ni yule bwana anayetaka kukodi ardhi yetu yote miaka tisini na tisa ajenge hoteli ya watalii. Kamati yetu ya ardhi ilikuwa imegawanyika nusu kwa nusu, ikabaki kura yangu. Akaniahidi umeneja. Nikamwambia ndiyo, kura ni yako, na boma letu utalivunja ukitaka. Baba yuko pembeni yangu, ananisikia.

Juzi nimepiga kura hiyo, kwa siri. Shangazi anamlaani msaliti asiyemjua, huku akinipakulia mimi nyama. Naona aibu hata kumeza.

Ua wa hoteli wanaanza kuujenga wiki ijayo, na boma litavunjwa. Nakuomba uje umchukue Baba. Mimi tawi siwezi kulishika tena. Nitamwambia twende wapi?

Wabusu watoto. Shangazi anakusalimu sana.

Ni mimi nduguyo,
Mandlakayise