Majibu ya Shabani Yametoka

Mdogo wangu Somoe,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako namwachia Mwenyezi Mungu. Ya kwangu ni uchovu tu. Nimerudi Mpapura sasa hivi kutoka hospitali ya Mtwara, na mwanao Shabani amelala hapa mkekani, kashiba uji.

Nikwambie yote, maana ulituacha katikati. Kile kipimo cha kwanza cha Shabani, kilichokufanya ugeukie ukutani, dada mmoja wa maabara huko Mtwara anasema kwa mtoto mchanga hakitoshi. Damu yake hubaki na kinga za mama, kipimo kikiziona hizo kinadhani ni ugonjwa. Inatakiwa wapime vinasaba vya kirusi chenyewe cha UKIMWI, na mashine ya kazi hiyo iko Dar, kwetu haipo. Basi, baada ya kukuzika, Shabani akiwa amekaa wiki kadhaa bila ziwa, nikampeleka Mtwara akatolewe damu.

Dada alipoishika sindano, mimi nikakunja shati nikaweka mkono mezani. "Toa hapa. Mimi ndiye mjomba wake, damu yetu moja, na yangu nyingi. Papa aliniuma Msimbati, wavuvi wakakinga ndoo mbili!" Kwetu mtoto ni wa mjomba, nani asiyejua? Kumbe dada wa watu katokea bara. Alicheka mpaka akakaa.

"Mjomba, huyo papa tutampima siku nyingine. Leo nataka kisigino cha Shabani."

Akakichoma. Matone akayadondoshea kwenye karatasi ngumu, akaianika ikauke kama tunavyoanika makopa ya muhogo, ndipo ikapelekwa Dar. Na barabara yetu unaijua. Mvua zikaja, mabasi yakalala kwenye tope. Nimekwenda kuulizia mpaka mlinzi ananiita mfanyakazi mwenzake. Kwenye foleni nawaambia watu mashine ya Shabani ikiwashwa, taa za Dar nzima zinafifia. Wanacheka. Mimi moyoni hoi, Somoe. Kila nikirudi mikono mitupu nakusikia: "Kaka, leo usinipe hadithi. Nimemwambukiza mwanangu?" Uliuliza hivyo mpaka sauti ikakuishia.

Leo dada kaniita ndani. Hakucheka. Kafunga mlango, nikajua yamekwisha.

"Hana, mjomba. Shabani hana kirusi."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikatoka nikakaa kwenye benchi, watu wananiuliza, "Vipi, njomba?" Nimeshindwa kutunga chochote. Hata furaha nimeitafuta sijaiona bado, labda itakuja nikishalala.

Lakini nimeona nisilale kabla sijakwambia. Hukumpa, Somoe. Umesikia? Ule mzigo uliokwenda nao haukuwa wako.

Basi pumzika, mama Shabani. Mtoto yuko kwangu, na atakaa kwangu. Akikua akauliza mama yake alikuwa mtu gani, nitamweleza ulivyokuwa, hivyo hivyo. Hapo sitatia chumvi, nakuahidi.

Kaka yako