Mabuti ya Jumapili

Mjukuu wangu Salma,

Hapa La Rochelle hatujambo, babu yako anakusalimu, ila barua yako imenipandisha presha. Eti majirani zako wa kijijini Uingereza wanatembea mashambani kila Jumapili, wamekwambia uje ukipenda, nawe unaniuliza kama huo ni mwaliko? Eish, mtoto wewe!

Nilipoolewa nikahamia Tanga, majirani walipita mlangoni na visu vyao. "Tunakwenda kumenya vitunguu vya harusi mtaa wa pili," wakasema. Nikakaa ndani nikingoja kubembelezwa, nikajiona mstaarabu.

Nilipojifungua mama yako, hakuna aliyekuja kunikanda maji ya moto. Nao walikuwa majumbani kwao, wakingoja kubembelezwa.

Nunua mabuti, Salma. Utoke.

Bibi yako